Mlango wa Ukurasa wa Tisa

Sanduku lilifika Jumatatu, limelowa pembe moja:
vitabu thelathini na kimoja, na fomu zake.
Dundee, mwezi wa Novemba. Saa kumi haijagonga
na taa za barabarani zimekwisha kuwaka,
mto Tay umelala chini kule kama bati.

Waamuzi tuko watano. Tunapewa chai na biskuti,
senti hatupewi. Bi Morag Petrie, mwenyekiti,
ana miwani mbili, moja machoni, moja kichwani,
na kalamu nyekundu aifungayo kwa uzi shingoni.

Fomu inauliza: Lugha, alama ngapi kwa kumi?
Michoro? Umri unaofaa? Funzo?
Hilo la mwisho nalipiga mstari kila mwaka,
na kila mwaka wanalichapa upya.

Cha kwanza: sungura anajifunza kugawana karoti.
Cha pili: dubu anajifunza kugawana asali.
Cha tatu sikukimaliza. Nilikwishajua
kuna mtu atagawana kitu.
Cha nne kinatupeleka Afrika, yote kwa siku moja:
simba, twiga, jua jekundu,
na mtoto pekupeku asiye na jina.
Mimi niliyekulia Tanga, barabara ya kumi na mbili,
viatu vya shule vikinibana vidole,
nikaandika pembeni: Huyu anaitwa nani?

Cha kumi na tisa kilikuwa chembamba, cha kijivu.
Nyumba, bibi, mvua. Maneno hayafiki mia.
Ukurasa wa tisa, mlango wa jikoni umefungwa.
Ukurasa wa kumi, u wazi,
na hakuna sentensi inayosema kwa nini.
Kosa la mchoraji, nikasema. Nikakata alama mbili.
Bi Morag akakata tatu. Tulikubaliana upesi
kama watu wanaowahi basi.

Sasa, kuna Struan.
Miaka saba. Mama yake hupiga deki wodi za hospitali
hadi saa kumi na mbili, naye humngoja maktaba
akiwa ameegemeza mgongo kwenye bomba la joto.
Kwenye ripoti yake, penye Kusoma, mwalimu ameandika: Bado.
Kitabu hukifungua katikati, hukinusa,
kisha huamua.
Sungura alimwacha ukurasa wa pili, bila kwaheri.
Cha kijivu alikaa nacho.
Akaenda mbele. Akarudi. Akaenda tena,
kidole chenye jemu kikiacha nukta kila alipopita.

«Kuna mtu kaingia,» akasema, wala si kwangu.
«Nani?»
«Sijui. Ngoja.»
Nikangoja. Bomba likakoroma.

Ukurasa wa kumi na nne, chini ya meza,
katikati ya mguu wa kiti na kivuli chake:
alama ya unyayo, mdogo, wa maji.
Ukurasa wa kumi na saba, mezani, vikombe viwili,
na yule bibi tangu mwanzo alikuwa na kimoja.
Miaka ishirini na minne nalipwa kusoma vitabu,
na unyayo ule niliuruka.

Alhamisi niliomba fomu yangu, nikafuta.
Bi Morag akavua miwani zote mbili,
akausogeza ukurasa mpaka ukamgusa pua.
Akakaa hivyo. Chai yake ikapoa.
«Nani kakuonyesha?»
Nikamtaja.
«Si yule asiyejua kusoma?» akauliza Bwana Lamont,
mkono tayari umo kwenye biskuti.
«Huyo huyo.»

Tukapiga kura.
Dubu alishinda, tatu kwa mbili. Asali ile, kwa kweli,
imechorwa vizuri.

Kile cha kijivu Struan alikiazima Desemba.
Sasa ni Machi. Jana alipita na mama yake,
akanipungia mkono kupitia kioo,
begi limemfura mgongoni.
Barua ya kumdai nimeichapa, ina jina, ina anwani.
Stempu sijabandika.